Kiwanja cha mita 2,400 Msasani: tujenge apatimenti 24 za hadhi ya juu au tuache?

Mwenye_Kiwanja

Wakuu, salaam. Kiwanja kipo Msasani, mita za mraba 2,400, kimepimwa, hati ipo kwa jina la kampuni ya familia. Ni hati ya miaka 33 na imebaki 21. Wazo ni jengo moja: chini maegesho, juu ghorofa sita, kila ghorofa nyumba nne. Tatu za vyumba vitatu (mita za mraba 135 kila moja) na moja ya vyumba viwili (mita 95). Jumla nyumba 24, pamoja na lifti, bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi na jenereta.

Hesabu ya sasa ni hii. Mita 3,000 kwa shilingi 1,800,000 kila mita kabla ya VAT ni bilioni 5.4. Tukipangisha kwa milioni 3.8 vyumba vitatu na milioni 2.6 vyumba viwili, tunapata milioni 84 kwa mwezi. Tukiuza kwa milioni 450 na milioni 320, tunapata bilioni 10.02. Benki inakubali kutoa asilimia 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ujenzi miezi 24.

Maswali: hesabu hii ina kasoro wapi? Tupangishe au tuuze? Na kuna ushauri kwamba tuchimbe ghorofa mbili chini ya ardhi kwa ajili ya magari, ili pale chini tupate nafasi ya maduka. Inafaa?

Mkadiriaji_DSM

Mkuu, kasoro ya kwanza ipo kwenye ile 3,000. Hizo ni mita za ndani ya nyumba zenyewe. Mkandarasi hajengi nyumba peke yake, anajenga pia ngazi, korido, shimo la lifti, mashimo ya mabomba, unene wa kuta na chumba cha umeme. Kwa jengo la nyumba nne kwa ghorofa, eneo linalouzika likifika asilimia 78 ya eneo lote linalojengwa, msanifu kafanya kazi ya kawaida. Kwa hiyo 3,000 gawa kwa 0.78, unapata kama mita 3,850.

Sasa anza upya, bila VAT:

Jengo, 3,850 × 1,800,000: bilioni 6.93.
Maegesho chini ya jengo, mita 640 kwa nusu ya bei hiyo: milioni 576.
Kazi za nje (bwawa, uzio, kibanda cha mlinzi, transfoma, jenereta, matangi, mtambo wa majitaka, vitofali vya sakafu ya uwanja): weka milioni 650.

Hapo ni bilioni 8.156. Ongeza asilimia 8 ya wataalamu na vibali, na asilimia 7 ya dharura, zote juu ya hiyo 8.156. Unafika karibu bilioni 9.38. Siyo 5.4.

Sasa VAT, ambayo ndiyo inayoamua kati ya kupangisha na kuuza, na watu wengi huikumbuka jengo likiwa limeshafika ghorofa ya tatu. Kupangisha makazi hakutozwi VAT, na kwa sababu hiyo hiyo huwezi kudai ile uliyolipa kwenye saruji, nondo, lifti na mkandarasi. Inakuwa gharama yako moja kwa moja. Asilimia 18 ya bilioni 8.156 ni bilioni 1.47. Jumla ya mradi wa kupangisha inakuwa bilioni 10.85 kabla ya riba.

Riba: asilimia 60 ya hapo ni bilioni 6.5. Ukichukua mkopo kidogo kidogo kwa miezi 24, wastani wa deni ni nusu, riba ya kipindi chote ni kama milioni 975. Umefika bilioni 11.8, na thamani ya kiwanja bado haijaingia kwenye hesabu.

Upande wa kodi ya pango: milioni 84 kwa mwezi ni bilioni 1.008 kwa mwaka iwapo hakuna nyumba tupu hata siku moja. Toa asilimia 15 ya nyumba kukaa wazi kati ya mpangaji na mpangaji, inabaki milioni 857. Toa robo ya hiyo kwa ulinzi, usafi, matengenezo ya lifti, dizeli, bima, msimamizi na kupaka rangi. Inabaki milioni 643. Riba peke yake kwa deni la bilioni 6.5 ni milioni 975 kwa mwaka. Pango halilipi hata riba, achilia mbali deni lenyewe. Kwa pesa zenu wenyewe bila mkopo, 643 juu ya 10,850 ni asilimia 5.9 kabla ya kodi ya mapato. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, hata ilipopunguziwa riba mwaka 2022, ilibaki asilimia 12.10, na haina bomba la kuziba.

Kuuza: nyumba mpya ya bei hiyo ikiuzwa mara ya kwanza hubeba VAT. Mnunuzi hajali VAT yako, anaangalia bei anayotoa mfukoni. Kama soko la mahali pale ni milioni 450, basi yenu ni 450 gawa kwa 1.18, yaani milioni 381. Bilioni 10.02 yako inageuka bilioni 8.49. Gharama bila VAT (kwa sababu hapa unaidai) ni 9.38, riba milioni 844, jumla 10.22. Mnapata hasara ya bilioni 1.7 na kiwanja mmekitoa bure.

Ili usipate faida wala hasara, na ukimlipa dalali asilimia 3, lazima mita moja ya mraba iuzwe kwa zaidi kidogo ya milioni 4.1 pamoja na VAT. Yaani vyumba vitatu milioni 560, vyumba viwili milioni 394. Swali lako la kweli ni moja: je, Msasani kuna wanunuzi 18 wa milioni 560 ndani ya miaka mitatu? Usijibu kwa hisia.

Na ucheleweshaji. Ukichelewa mwaka mmoja jengo likiwa karibu kuisha, deni lote limeshachukuliwa, riba ya mwaka huo mmoja ni sawa na riba ya miaka miwili yote ya ujenzi. Piga mwenyewe: bilioni 6.5 × 15%. Shirika la Nyumba la Taifa, pamoja na ukubwa wake, liliona miradi ya Morocco Square na 711 Kawe ikisimama kwa miaka kabla ya kuendelea. Kampuni ya familia haina kifua hicho.

Mhandisi_Pwani

Nitajibu la kuchimba chini: usichimbe, na huna sababu ya kuchimba.

Magari kwanza. Nyumba 24 kwa gari moja na nusu ni 36, ongeza wageni 4, ni 40. Gari moja pamoja na njia ya kugeuzia linakula mita za mraba 28 hivi. Chini ya jengo, ukitoa ngazi, lifti na chumba cha pampu, yanaingia 18. Yanayobaki 22 yanahitaji kama mita 620 za uwanja, na kiwanja chako ukitoa jengo kinabakiwa na zaidi ya mita 1,700. Yanatosha. Sharti ni nguzo zipangwe kwa kufuata magari tangu mchoro wa kwanza: kati ya uso wa nguzo na uso wa nguzo iwe mita 7.5 safi, ili yaingie matatu. Msanifu akichora vyumba kwanza halafu akashusha nguzo, utapata nafasi za magari mawili na mabaki yasiyofaa kitu.

Sasa ardhi. Upande ule utakuta mchanga na jiwe la matumbawe, na maji hayako mbali. Jiwe la matumbawe lina mapango: kekee inashuka kwenye mwamba mgumu mita tatu, halafu inadondoka patupu. Kwa hiyo tundu moja la kupima udongo halitoshi. Toboa angalau manne, pembe zote za jengo, mita 15 hadi 20 kwenda chini, na usawa wa maji upimwe wakati wa bamvua, siyo siku yoyote tu. Ukichimba ghorofa mbili chini ya usawa huo, utasukuma maji mchana na usiku kwa miezi. Maji yakitoka yanaondoka na mchanga mwembamba wa chini ya msingi wa jirani, ukuta wake unapasuka, anakwenda mahakamani, kazi inasimama. Baada ya jengo la Kariakoo kuanguka tarehe 16 Novemba 2024, kuchimba kando ya majengo ya watu hakuchukuliwi tena kirahisi, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuna mambo ya bahari ambayo yakikosewa, jengo la hadhi ya juu linakuwa la hadhi ya chini ndani ya miaka mitano:

Zege la msingi na nguzo za nje, nondo zifunikwe milimita 50, na vile vitofali vidogo vya kutenganisha nondo na mbao viwe vya zege lenyewe. Vipande vya mbao au mawe vikitumika badala yake, chumvi inapita pale pale, nondo inavimba, zege linabanduka. Mchanga wa ufukweni marufuku. Maji ya kisima ya eneo lile mara nyingi yana chumvi, hivyo ya kuchanganyia zege nunua au chukua ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam). Nondo zikiletwa zilazwe juu ya magogo na zifunikwe turubai.

Mashine za nje za viyoyozi: usiziachie kila mpangaji afunge anapotaka. Tenga kibaraza cha huduma chenye mfereji, na bomba la maji ya kiyoyozi lipite ndani ya ukuta kabla ya plasta. Bafu zote, baada ya kupaka dawa ya kuzuia maji na kabla ya vigae, jaza maji kina cha sentimita 5 yakae saa 48, halafu mtu aingie nyumba ya chini aangalie dari. Malalamiko ya wapangaji wa nyumba za bei kubwa mara nyingi huanzia kwenye maji: yanavuja, hayana nguvu, au yana chumvi.

Maji: watu 96 kwa lita 200 kwa siku ni kama lita 19,000. Weka akiba ya siku tatu, lita 58,000, na akiba ya zimamoto iwe tangi lake. Majitaka yatakuwa kama lita 15,000 kwa siku. Uliza DAWASA kama bomba kuu linapita mtaani kwako. Kama halipiti, mashimo ya kawaida hayatafaa pale maji ya ardhini yanapopanda. Tenga nafasi ya mtambo wa kusafisha, mbali na bwawa, mahali gari la kunyonya linaweza kufika.

Umeme: ukiweka kilowati 12 kwa nyumba na kuchukulia nusu inatumika kwa pamoja, pamoja na lifti na pampu unafika kVA 200 na kidogo. Agiza transfoma ya kVA 315, na maombi yaende TANESCO mapema kabla ya msingi. Lifti mbili. Kwa jengo la sakafu saba, lifti ikiwa moja na ikaharibika, mpangaji wa juu anaanza kutafuta nyumba siku hiyo hiyo. Moja kati ya hizo iwe ya kilo 1,000, machela na kochi vipite.

Msimamizi_Nyumba

Nikiongeza upande wa wapangaji.

Bei unazosikia kwa dalali ni bei za kuomba. Njia ya bei nafuu kujua ukweli: chagua majengo kumi yanayofanana na unalotaka, ndani ya kilomita mbili. Pita saa mbili usiku siku ya katikati ya wiki, hesabu taa. Rudia mara tatu kwa wiki tofauti. Halafu mtume mtu kama mpangaji, aulize nyumba iliyo wazi, na aulize imekaa wazi tangu lini. Mwenye nyumba akipunguza asilimia 15 kabla hata hujakaa kwenye kiti, umeshapata bei ya kweli.

Angalia pia mgawanyo. Nyumba 18 za vyumba vitatu ni nyingi kwa jengo moja. Mtaalamu anayelipiwa na kampuni mara nyingi huja peke yake au na mwenza. Familia yenye watoto wa shule ikiwa na uwezo huo huanza kutafuta nyumba yenye uwanja wake. Mgawanyo wa nusu kwa nusu ni salama zaidi.

Na msipange mradi kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na zamani soko hili lilikuwa la dola tupu. Mkopo wenu uwe wa shilingi, kwa sababu mapato yatakuwa ya shilingi. Lifti, vitasa, viyoyozi na aluminiamu ndivyo vitakavyofuata dola, hivyo funga bei zake kwenye mkataba mapema.

Hati_na_Vibali

Kabla ya hayo yote: miaka 21. Ukiuza sehemu ya jengo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, mnunuzi hawezi kupata muda mrefu kuliko hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima. Nani atatoa milioni 560 kwa kitu cha miaka 21, ambayo vibali na ujenzi vikikamilika itakuwa kama 18? Na benki haitampa mnunuzi mkopo wa miaka 20. Omba kuongezewa muda sasa, kabla ya kulipa mchoro wa kwanza. Jibu likichelewa, mradi usubiri.

Jambo la pili, rehani. Benki yenu ikishika hati mama, sehemu hazihamishwi kwa wanunuzi bila ridhaa yake. Iandikwe kwenye mkataba wa mkopo wenyewe kwamba itaachia nyumba moja moja kwa kiasi kinachojulikana kila ikiuzwa. Bila kifungu hicho utakuwa na wanunuzi waliolipa na hakuna hati ya kuwapa.

Wanunuzi wa nje: asiye raia hamilikishwi ardhi Bara ila kwa ajili ya uwekezaji, hivyo msimweke kwenye orodha ya wanunuzi wa nyumba ya kuishi. Zanzibar ina utaratibu wake kwa miradi iliyoidhinishwa, ndiyo maana wengi huenda Fumba. Msichanganye soko hilo na lenu.

Vibali kwa mpangilio: matumizi na msongamano unaoruhusiwa kwenye kiwanja (ghorofa sita juu ya maegesho zinaweza kukataliwa, uliza mipango miji kwanza), tathmini ya mazingira NEMC (baraza la mazingira), michoro Zimamoto, kibali cha ujenzi Manispaa ya Kinondoni, kisha usajili wa mradi bodi za wataalamu na wakandarasi na OSHA (wakala wa usalama kazini). Kama mpaka wowote wa kiwanja unakaribia bahari, zile mita 60 za ufukweni zisizojengwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 zipimwe na mpima ardhi, siyo kwa hatua za miguu.

Mwenye_Kiwanja

Asanteni sana, kwa kweli nilikuwa sijaona VAT wala yale mambo ya asilimia 78. Swali la mwisho: kuna mwekezaji anasema sisi tutoe kiwanja tu, yeye ajenge kwa pesa zake, atupe asilimia 40 ya nyumba. Hiyo si inaondoa hatari yote kwetu?

Mkadiriaji_DSM

Mpigie hesabu yake yeye. Akiwapa asilimia 40, anabaki na mita 1,800 za kuuza, na gharama yote ya bilioni 10.22 lazima itoke humo. Ukiweka dalali na VAT, anahitaji karibu milioni 6.9 kwa mita. Nyumba ya vyumba vitatu milioni 932, na hapo bado hajala faida hata shilingi. Mtu anayejua kazi hii hawezi kutoa ahadi hiyo kwa jengo hili. Anayeitoa ama hajapiga hesabu, ama anapanga kujenga kwa bei ya chini sana, ama anataka hati akakopee. La mwisho ndilo baya zaidi: msingi unachimbwa, hati ipo benki, yeye hapatikani.

Kama mnataka kuingia ubia, hati isihame na isiwekwe rehani mpaka fedha zake za kufikia paa zionekane kwenye akaunti ya pamoja. Nyumba zenu zitajwe kwa namba na ghorofa ndani ya mkataba. Asilimia bila namba huishia kuwa nyumba za nyuma zinazotazama jenereta. Na tarehe ya kurudi kwa kiwanja iwepo, jengo likisimama zaidi ya miezi sita.

Kwa michoro hii na bei hizi, msijenge. Kinachoweza kubadilisha jibu ni mambo manne: muda wa hati kuongezwa, taa za usiku kuonyesha majengo yamejaa, mgawanyo kuwa nusu kwa nusu, na msanifu kupandisha ile asilimia 78 ifike 82 kwa kufuta korido na kupanga milango minne kuzunguka lifti. Hiyo ya mwisho pekee inapunguza mita 190, kama milioni 344. Lipieni sasa upimaji wa udongo, mchoro wa awali na makadirio ya mtu aliyesajiliwa, basi. Matokeo yakiwa mabaya mtakuwa mmepoteza kiasi kidogo, na kiwanja kipo palepale.

Ukipata majibu ya mipango miji kuhusu idadi ya ghorofa, weka hapa. Zikishuka kuwa nne, hesabu yote hii inaanza upya, kwa sababu lifti, transfoma, bwawa na mtambo wa majitaka vitagawanywa kwa nyumba 16 badala ya 24.